Mafiga Uliyoyaleta Kutoka Shimoni

Baba yangu,

Sijui kama habari zinafika huko uliko, ila hii lazima nikuambie. Ilianza juzi.

Lile shimo lako la dhahabu la upande wa Butiama siku hizi nalisimamia mimi, kwa hiyo nilikwenda Bunda kwenye mafunzo ya wachimbaji wadogo. Mtaalamu akaweka mezani jiwe la kung'aa kama bati jipya. Akasema ndani yake chuma, salfa na aseniki vimeshikana kwa mpangilio, safu kwa safu. Kisha akaligonga kwa nyundo, na harufu ya kitunguu saumu ikajaa chumba kizima. Baba, ilikuwa harufu ya jikoni kwetu Mugeta.

"Moto ukiuvunja huo mshikamano," akasema, "aseniki inatoka na moshi. Hiyo ni sumu."

Nilitoka nje nikakaa chini. Watu walidhani nimeugua.

Unakumbuka ulivyoyaleta mafiga yale matatu kwa baiskeli, ukitamba kwamba jiwe linalonuka vile lina dhahabu jirani? Moja likipasuka, ulileta lingine. Mama akichemsha samaki wa furu ulichungulia mlangoni ukimtania, "Mke wangu anaungaga kitunguu saumu bila kununua." Sote tulicheka. Mimi nilikuwa nimeinama palepale, napuliza moto. Na kile kifua chako kilichokuondoa, Baba. Na zile sugu za viganjani tulizosema ni za sururu. Mtaalamu alisema sumu hiyo hukamata kifua na kuotesha sugu viganjani.

Jana nilikwenda nyumbani. Mama bado anapikia mafiga yale. Nilipomwambia tuyatoe, alisimama mbele ya jiko.

"Haya baba yako alinipangia kwa mkono wake. Nikiyatoa nabaki na nini?"

Nikamweleza yote. Akakaa kwenye kigoda. Halafu akainuka mwenyewe, akamwagia maji majivu, akanishikia mdomo wa kiroba nikayatia moja moja. Nitampelekea yule mtaalamu.

Tulipomaliza aliniuliza kitu kimoja tu.

"Baba yako alijua?"

"Hakujua, Mama," nikajibu haraka, hata kabla hajafunga mdomo. Akashusha pumzi, akasema ahsante, akaenda kukoka moto kwenye matofali.

Nimekusemea bila kukuuliza, Baba. Nakuomba iwe kweli.

Pumzika.

Binti yako, mpuliza moto wako