Siku Moja ya Eda

Jumatatu, 27 Septemba 1954

Leo wamekuja tena. Wanawake kumi na wawili ndani ya nyumba yangu, na mie mwenye nyumba niko nje barazani kama mgeni. Chama cha akina mama! Zamani darasa lao lilikuwa kwa Bi Sheikha, mkubwa wao, huko Malindi ya Mjini. Lakini anayewasomesha ni Bahiya, mke wa mwanangu Masoud, na Bahiya yumo edani tangu Masoud afe kwa homa mwezi wa Juni. Mtu wa eda hatoki. Basi darasa limemfuata huku Ng'ambo.

Wanasoma kwa sauti. Ba, be, bi. Mwanakhamis muuza maandazi, mtu mzima karibu sawa na mie, kaandika jina lake leo — vigelegele mtaa mzima! Nkawaambia kwa dirishani, mie herufi hizi za kizungu nimezipata kwa wiki tatu tu, na mwalimu huyo huyo. Mwanakhamis akajibu ati ndiyo maana za kwangu kubwa kama mawe ya msingi. Wakacheka. Wacheke. Mie mwashi. Nusu ya kuta za Mjini zina mkono wangu, haujaanguka hata mmoja.

Wanajenga chumba cha darasa la wasichana Mkokotoni. Mawe wanabeba wenyewe vichwani. Chokaa wameitumia siku ile ile iliyotoka tanuuni! Chokaa hulazwa majini, ikae, itulie. Nani wa kuwaambia? Masoud angekwenda kuwaonesha.

Jumanne, 28 Septemba

Tumekwenda pwani, Mizingani, kutazama mwezi wa mfunguo tano, wa tano tangu Ramadhani. Matar jirani yangu akapiga kelele, ule pale! Na wengine wakasema ule pale. Nkasema wapi? Hilo wingu. Wakabisha. Nkaapa mbele yao wote — Wallahi mie sikuuona mwezi. Mie Machano, mtu wa Tumbatu, niliyekuwa nkiuona mwezi kabla ya muadhini! Leo nifundishwe mwezi na watu wanaouza mbatata?

Mjini wameshakubali kuwa umeandama. Shauri yao. Nyumba yangu ina hesabu yangu.

Jumatano, 29 Septemba

Leo umeandama. Nimemwambia Bahiya eda yake, miezi minne na siku kumi, aihesabu kwa mwezi huu wa leo. Akasema taratibu, Baba, mbona mjini wamesema jana. Nkamwambia mjini wana macho ya papa mkavu. Akaitika, haya, Baba. Adabu yake ndiyo iliyomfanya Masoud amng'ang'anie.

Ijumaa, 8 Oktoba

Imekuja barua kutoka kwa Bi Sheikha. Bahiya kanisomea mara mbili. Mtihani wa ualimu ni Jumatano, tarehe ishirini, saa tatu asubuhi, Malindi. Anakuja bibi wa kizungu wa Idara ya Elimu kuwatahini. Akifaulu, Bahiya ndiye mwalimu wa Mkokotoni. Na chumba cha kulala huko huko atapewa.

Aliposoma "Mkokotoni" sauti ilimpanda. Halafu akakunja karatasi, akaanza kuhesabu kwa vidole. Mie nshahesabu. Kwa mwezi wa mjini, eda inakwisha Jumanne ya tarehe kumi na tisa, magharibi. Kwa mwezi wangu, Jumatano magharibi. Siku moja! Na mtihani umekaa katikati.

Nkaondoka kwenda kusali isha.

Alhamisi, 14 Oktoba

Bi Sheikha kaja mwenyewe. Buibui la hariri, udi unanukia tangu kichochoroni. Shikamoo Mzee Machano. Marahaba. Akakaa.

Akasema Kadhi keshasema, mwezi ule uliandama Jumanne. Nkasema Kadhi hakuwa na macho yangu. Akasema na hata kama eda haijesha, mwanamke mwenye haja kubwa huruhusiwa kutoka mchana. Nkasema haja kubwa ni maradhi, si karatasi na kalamu. Nkamuuliza kwa nini huyo bibi wa kizungu asije na mtihani wake hapa, mbona nyinyi mnakuja? Akasema keshamuomba, amekataa, wote lazima wakae chumba kimoja. Na Bahiya akikosa huu, mwengine mpaka mwakani, na Mkokotoni hawatangoja, watapelekewa mtu mwengine. Wasichana thelathini na nne washaandikishwa.

Nkasema mke wa mwanangu hatoki na eda ya mwanangu.

Bi Sheikha akasema — Eda ni ya Mungu, Mzee Machano. Si ya mwanao. Wala si yako.

Mwanakhamis naye, kashika kapu la maandazi mlangoni — Huyu angepewa mwezi autunze, tungefunga Ramadhani mpaka leo!

Ningewajibu. Lakini Bahiya kasema nyuma ya pazia, sauti ndogo, kila mtu akaisikia. Baba kaapa. Yeye ndiye mkubwa wangu hapa, siwezi kukikanyaga kiapo chake. Akisema haijesha, haijesha.

Wakaondoka. Nimeshinda! Mwanakhamis kaniachia maandazi matatu. Sikuweza kuyala.

Jumamosi, 16 Oktoba

Bahiya kanisomea gazeti baada ya alasiri. Akifika mwisho wa sentensi anavuta kidogo, vile vile alivyokuwa akivuta Masoud. Nani alimwambukiza mwenziwe sijui. Nikifumba macho, wanasoma wawili.

Mtoto hawakupata. Eda ikesha, hapana kinachomuweka hapa. Atakwenda Mkokotoni, au babake amwite Pemba, aposwe na mtu mwengine, kijana bado. Nyumba hii nimeijenga mwenyewe, ukuta dhiraa moja na nusu, mchana baridi kama kisima. Mtaa huu hauna ya pili. Mie nitakaa humu nisemezane na kuta?

Nimemwambia asome tena. Akasema gazeti limekwisha, Baba. Nkasema basi anza mwanzo. Akaanza mwanzo.

Jumanne, 19 Oktoba

Magharibi wamekuja. Kwa hesabu ya mjini ndiyo mwisho. Wameleta maji ya marashi ya kumkoshea, kanga mpya doti nzima, na chetezo cha udi. Ndivyo mwanamke anavyotolewa eda, kwa shangwe kidogo na kilio kidogo. Bahiya kawapokea, kawapa kahawa. Kanga kaiweka kando. Hakukoga. Akawaambia, kesho magharibi, inshallah. Bi Sheikha akasema gari itakuja asubuhi vivyo hivyo, itasimama hapo nje, itangoja. Mwanakhamis hakufanya mzaha leo. Alikuwa analia.

Naandika. Hapana atakayesoma.

Ile Jumanne pale pwani sikuona mwezi. Sikuona wingu pia. Niliona rangi tu, kama chokaa iliyokorogwa, na watu weusi weusi mbele yake. Wingu nililisema mie. Na Jumatano sikuona vile vile! Matar alinyoosha mkono, nami nkatazama mkono ulikokwenda nkasema haya, sasa ndiyo. Kiapo changu kweli. Sikuona, Wallahi. Mungu sikumdanganya. Niliyemdanganya yumo jikoni, anaosha vikombe vya watu.

Macho haya mwaka wa pili sasa. Masoud peke yake alijua. Juu ya jukwaa la ujenzi alisimama karibu yangu, anashika yeye timazi ya kunyooshea ukuta, ananinong'oneza — Baba, kushoto kidogo. Baba, hapo, acha. Watu chini wakisema tazama mzee, mkono wake bado! Hata mkewe hakumwambia. Kafa na siri yangu.

Nikisema, jina langu limekwenda. Jina basi, nimeshazeeka nalo. Lakini nikisema, Bahiya naye anakwenda.

Nilimwita. Akaja, mikono imerowa. Nkamwambia chai ya leo ilikuwa nzuri. Akasema, Baba, leo hukunywa chai.

Jumatano, 20 Oktoba

Uji saa kumi na mbili. Kauweka mkononi mwangu, si mezani kama kawaida. Vidole vyangu kavibana juu ya bakuli, kama anayempa mtoto.

Saa mbili gari imefika. Mwanakhamis anaita nje — Hodi! Bahiya, mwanangu, sisi tupo! Wee Machano, umeamka? Nkajibu nimeamka kabla yako. Bi Sheikha yuko naye. Wamekaa ndani ya gari, mlango wazi.

Bahiya kaingia chumbani kwake. Kakaa sana. Nimesikia maji. Labda ya udhu. Labda anaosha sufuria.

Sasa kaja, kasimama kwenye mlango wa uani, jua lote nyuma yake. Akaniita. Baba. Naam. Akasema — Siku sikuulizi tena. Nakuuliza kitu chengine. Nimevaa nguo gani?

Nkasema, nyeupe, mwanangu. Nguo za eda ni nyeupe, huvai nyengine.

Nje dereva kapiga honi.

Akasema, nitazame, Baba. Nitazame kwanza, ndipo useme.

Nkachukua daftari, ati nina kazi. Saa mbili na nusu. Hapa mpaka Malindi kwa gari ni robo saa. Nnaandika na yeye bado kasimama. Hajasogea hata hatua. Nnaona mtu mweusi na mwangaza pembeni mwake, basi. Nyeupe au ile kanga mpya, sijui. Analia au halii, sijui. Nikimwambia hilo sijui, na mwezi wangu hauko tena.

Honi tena. Anauliza mara ya tatu, na sauti yake haina hasira hata kidogo — Baba, nimevaa nguo gani?