Panga Lako na Rubisi ya Vilima Viwili

Baba yangu,

Shikamoo. Huku Kituntu tumemaliza matanga yako wiki iliyopita, mwaka mzima baada ya kukuzika, na mimi ndiye niliyekabidhiwa panga lako. Nakuandikia kwa sababu ya hilo panga. Yamesemwa maneno juu yake, na sipendi uyasikie kwa mtu mwingine.

Nakukumbuka zaidi ukiwa ndani ya mtumbwi wa kukamulia, suruali umeikunja hadi magotini, ukizikanyaga ndizi mbivu pamoja na nyasi mpaka maji yake yatoke. Kabla ya kutia mtama wa kukaanga uliniita nionje. "Hii ya wapi?" Nilikosea kila mara, nawe ulicheka mpaka mtumbwi ukatikisika. Wewe ulivijua vilima kwa ulimi. Embire za Kituntu, hizo ndizi zetu za pombe, zilitoa rubisi tamu ya kushushia senene wa kukaanga. Za Nyakasimbi, penye udongo wa mawe, zilitoa rubisi kali, na hiyo hukuruhusu inywewe bila nyama ya mbuzi. Mgeni akizichanganya hizo mbili hukumsahihisha, kwa adabu, ila uso wako tuliuona.

Nilipopata kazi ya kuhudumu hotelini Dodoma, nilicheka peke yangu siku niliyofundishwa divai. Ya zabibu nyeupe kwa samaki, nyekundu kwa nyama choma, na ya shamba hili si sawa na ya shamba lile. Nikakuletea chupa ya nyekundu. Ulionja, ukauliza, "Shamba lake linatazama jua la asubuhi au la jioni?" Sikujua. Nilikupenda sana siku ile, Baba, na sikusema.

Sasa lile gumu. Miezi michache baada ya kukuzika, embire zilianza kunyauka. Majani ya njano, ndizi ukiipasua ndani ni kahawia, shina linatoa kitu kama usaha. Kwetu, kisha Nyakasimbi, kisha kila kibanja cha migomba ulimozoea kukata ndizi za kukamua. Bwana shamba alipouliza nani huwakatia, watu walikutaja kwa mapenzi. "Mzee alikuja na panga lake mwenyewe, hakutaka la mtu." Bwana shamba akainamisha kichwa. Akatueleza kwamba mnyauko husafiri kwenye utomvu, na utomvu husafiri kwenye panga, kwa hiyo ukitoka shina moja lipitishe motoni kabla ya kugusa jingine. Wewe ulilifuta kwa jani la mgomba ukaendelea na safari. Hukujua, Baba. Nani alijua?

Siku hiyo ya matanga, kabla sijakabidhiwa panga, Baba mdogo Petro aliniita kando. "Usilichome mbele za watu. Ukilichoma, umemshitaki baba yako siku ya kumaliza matanga yake."

Mama alitusikia. Aliniangalia tu, akasema, "Mwana wange, kesho utaingia kwenye migomba iliyobaki. Utaingia na nini?"

Nililipokea kwa mikono miwili mbele ya ukoo mzima, nikaenda moja kwa moja jiko la nje, nikalitia motoni chini ya sufuria ya ndizi. Baba mdogo alinigeuzia mgongo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, kwa sababu lilikuwa panga lako, na kila aliyekuwepo alielewa ninachofanya.

Ndipo Mama Koku akainuka, yule jirani yetu wa Nyakasimbi ambaye migomba yake yote imeng'olewa kwa sababu ya mnyauko. Nilidhani anaondoka. Akachukua panga alilokuja nalo kutukatia majani ya kufunikia ndizi, akaja, akaliweka motoni kando ya lako.

"Hata mimi nilifuta kwa jani," akasema.

Wakaja wengine. Baba mdogo alikuja wa mwisho, akalitia na lake.

Rubisi ya siku hiyo tuliinunua Kyerwa, maana yetu haipo tena. Ilikuwa kali. Nilizuia isigawiwe mpaka mbuzi aive, na wazee wakaulizana huyu kijana kajifunza wapi ubishi huo.

Pumzika, Baba. Panga lako limebadilika rangi, lakini bado linakata.

Mwanao, mrithi wako.