Mtama wa Amparo na Mwewe wa Nguzoni

Tucson, 4 Novemba

Mpendwa dada yangu Refugio, Cuca wetu,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta nyonga ikiendelea kuunga, na kwamba binti yako Imelda hajakuruhusu kushuka ngazi kabla daktari hajanena. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo nimekwisha kuyakabidhi kwa Mwenyezi Mungu.

Uliponiachia mbwa wako mdogo Pulga ulinisihi nimtunze kama mboni ya jicho. Nalazimika kukuarifu kwamba tangu juma lililopita ukoo mzima wa mwewe umehamia kwenye nguzo ya umeme iliyo nyuma ya ua. Jana mmoja alisimama juu ya mgongo wa mwenzake, kama watoto wanaochungulia ukutani, na wote walimtazama Pulga akinusa vyungu vya maua. Nilimbeba nikamwingiza ndani. Hazidi uzito wa mkate.

Jirani yetu Lalo aliyaona hayo kutoka upande wake wa ukuta. "Shemasi," akaniambia, "hao wameshasali sala ya chakula. Wanangoja Amina tu."

Sikucheka.

Kaka yako,
Eusebio

El Paso, 9 Novemba

Kaka,

Shikamoo. Nyonga haijambo, mwenye nyonga ndiye ana jambo. Imelda ananilisha supu isiyo na chumvi kama mfungwa. Nimekupigia simu, husikii kitu, unasema "Amina" unakata. Basi naandika.

Acha kumwaga mtama. Hao mwewe hawakumfuata Pulga, wamefuata njiwa wako. Kila asubuhi ukimaliza rozari unamwaga mtama uani, njiwa wanajaa kama gulioni, halafu unashangaa wala nyama wamefika? Umewafungulia hoteli, kaka. Pulga wangu ni kitindamlo.

Usiniletee mahubiri. Niambie tu anatoka na nani anapokwenda kukojoa. Tangu mume wangu afariki, ndiye kiumbe pekee anayenisubiri mlangoni. Ningekuja naye huku, ila mwenye nyumba wa Imelda hataki mbwa. Nikirudi nisimkute, sijui nitakuwa nimerudi wapi.

Mdogo wako,
Cuca

Tucson, 15 Novemba

Mpendwa dada yangu,

Amani ya Bwana iwe nawe na Imelda. Afya yangu ni ileile, na Pulga anakula vizuri.

Kuhusu mtama, unanitaka nitoe kisicho changu. Unakumbuka mwaka ule nilipolazwa na mapafu, madaktari wakamwita padri anipake mafuta. Marehemu Amparo alimwekea nadhiri Mtakatifu Fransisko wa mji wa Magdalena kule Mexico, kwamba nikinyanyuka, njiwa wa Mungu hawatakosa mtama kutoka mikononi mwetu siku zote niishipo. Nilinyanyuka. Naye akatangulia, deni likiwa bado. Watu wetu husema kwamba nadhiri isiyotimizwa humkawiza marehemu njiani. Nimesoma teolojia, nami najua mahali pa kutilia shaka usemi huo, lakini sithubutu kuujaribu juu ya roho ya mke wangu.

Yaliyo katika uwezo wangu nimeyafanya. Nimetandaza nyuzi za kuvulia samaki kutoka ukuta hadi ukuta, nikazitundikia sahani za karatasi inayong'aa kama fedha. Nimenunua bundi wa plastiki, kwa kuwa imeandikwa kwenye sanduku lake kwamba mwewe humwogopa. Saa ile ile mmoja alitua juu ya kichwa chake. "Umewaletea kiti," Lalo akasema. "Sasa waletee na meza." Nimemnunulia Pulga fulana yenye miiba ya plastiki mgongoni, akivaa hulala ubavu na kukataa kutembea, mpaka nimvue. Hatoki bila mimi, akiwa amefungwa kamba, nami nikiwa na ufagio.

Omba kwa ajili yetu.

Kaka yako,
Eusebio

El Paso, 20 Novemba

Kaka,

Shikamoo.

Amparo nilimpenda, unajua. Nilimwosha mwenyewe alipokufa. Lakini aliweka nadhiri ya mtama, hakuweka nadhiri ya mbwa wangu. Ufagio? Una miaka themanini na magoti ya karatasi, utampiga mwewe kwa ufagio? Utajipiga mwenyewe.

Chagua, kaka. Nakuomba kwa heshima yote, chagua.

Mdogo wako,
Cuca

El Paso, 5 Desemba

Kaka,

Shikamoo. Hujajibu. Imelda anasema posta inachelewa kwa ajili ya Noeli. Namwitikia, lakini simwamini.

Nimempigia Lalo. Akasema, "Muulize kaka yako, mimi si wa kusema." Mtu huyo hajawahi kunyamaza tangu azaliwe. Nini kimetokea?

Cuca

Tucson, 10 Desemba

Pulga yu hai.

Nimelitanguliza hilo mbele ya salamu, Bwana anisamehe. Sasa nakusalimu, dada yangu, na kukuomba radhi kwa ukimya. Sikuandika kwa kuwa sikujua ni barua ipi nitakayopaswa kuandika.

Ilikuwa asubuhi, baada ya rozari. Nilimwaga mtama, Pulga akiwa miguuni pangu kwa kamba yake. Mwewe mmoja aliwashukia njiwa kutoka nguzoni. Wote waliruka kwa pamoja, nami nikainua macho kuwafuata. Ndipo wa pili alipokuja kutoka nyuma, chini ya nyuzi zangu zote, kwa kimo cha goti, akamshika mgongoni. Ndege alivuta juu, nami nikavuta kamba, tukanyang'anyana kama watu wawili walioshika nguo moja mnadani. Kisha nilimwangukia. Sisemi nilipigana naye. Nilianguka, naye akaachia. Mkono wangu umeshonwa. Mgongo wa Pulga pia umeshonwa, na kwa siku nyingi alikataa hata mchuzi wa kuku. Juzi alilamba kijiko. Leo amemng'ata daktari wa wanyama, naye daktari amelihesabu jambo hilo kuwa afya.

Kuna jingine. Kesho yake nilimaliza rozari nikatoka na kopo la mtama. Njiwa walikuwa wamejipanga ukutani. Nilisimama nalo, kisha nikarudi ndani nalo likiwa limejaa. Sijamwaga tena. Sikumwomba padri ruhusa, kwa kuwa niliogopa angeninyima, na niliogopa vilevile angenipa. Nimemchagua mwenye damu bado mwilini. Ila kila nikifunga mlango ule, nahisi nimemfungia Amparo nje.

Kaka yako,
Eusebio

El Paso, 15 Desemba

Kaka yangu,

Shikamoo, na pole ya mkono. Nilisoma maneno yako matatu ya kwanza nikakaa sakafuni. Imelda alidhani nimevunjika tena.

Nisikilize, shemasi uliyesoma. Bibi yetu alipokufa na nadhiri ya kwenda Magdalena kwa miguu, nani aliyekwenda? Mama. Alirudi malengelenge miguuni, tukamkanda kwa maji ya chumvi, hukumbuki? Wala haikuwa yake. Nadhiri ya marehemu hubebwa na aliye wake. Wewe mwenyewe umewaambia wajane wangapi hivyo pale parokiani? Lilipofika lako, likakupita.

Na wifi yangu alisema njiwa wa Mungu. Hakusema njiwa wa Tucson.

Kwa hiyo tangu asubuhi hii namwaga mtama mimi, kibarazani kwa Imelda, ghorofa ya pili, kwa jina la Amparo na kwa uhai wako. Njiwa wa hapa ni wachafu na hawana shukrani. Imelda akaniambia, "Mama, watakunyea blanketi." Nikamwambia, "Wanye."

Nitamwaga maadamu unaishi. Basi ishi, kaka, na umshike mbwa wangu.

Mdogo wako,
Cuca

Tucson, 22 Desemba

Mpendwa dada yangu Refugio,

Tumsifu Yesu Kristo, anayetukaribia. Mkono wangu unakunjika, na mgongo wa Pulga umeanza kuota manyoya. Natumaini nyonga yako inakuvumilia kibarazani kwenye baridi hiyo.

Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya picha ya Amparo, yote, pamoja na jibu ulilompa Imelda. Kisha nililala usingizi.

Njiwa wamepungua. Mwewe pia wamepungua, lakini wawili wangali nguzoni, nami sitakudanganya kwamba hofu imekwisha. Leo mchana Pulga alisimama mlangoni, akakataa kutoka, kisha akatoka. Nilimfuata na mwavuli mpana niliomnunulia, nikamkinga kila alikokwenda. Alitafuta mahali penye jua, akalala. Kivuli cha mwavuli kikamfuata. Akainuka, akasogea, akalala tena. Kivuli kikamfuata tena. Ndipo akanitazama.

Niliukunja mwavuli. Nikasimama juu ya Pulga, mguu huku na mguu huku, macho yangu nguzoni, mpaka akatosheka na jua lake.

Kaka yako,
Eusebio