Kwa Nini Sikutia Sahihi

Uingereza, Jumapili mchana

Kwa Baba yangu, Mzee Wandera, Stesheni ya Malaba

Mulembe, Baba. Kifua chako kinaendeleaje? Mama alisema umeanza tena kukohoa asubuhi, na mimi najua huwezi kuvaa lile koti nililokutumia kwa sababu unalitunza kwa ajili ya kanisa. Livae, Baba. Koti ni la kuvaliwa. Je, muhogo wa Mundika mmeshavuna? Na ni kweli kwamba ng'ambo, upande wa Tororo, sabuni imekuwa kama dhahabu, watu wanavuka mpaka kutafuta kipande na chumvi kidogo? Redio ya hapa haina habari na sisi.

Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umechafuka. Nina hasira, Baba, hasira ya kweli, na nimeona heri nikuandikie wewe kwa sababu wewe ndiye utakayeielewa kuliko mtu mwingine yeyote.

Lakini kwanza nijibu neno lako. Umeandika kwamba senge yangu, yule dada yako wa Bumala, anawaambia watu sokoni, "Huyo msichana tulimsomesha mpaka Ulaya, kumbe kazi yake ni kupokea simu tu!" Basi mwambie senge kwamba ni kweli, napokea simu. Lakini amwulize mtu anayepiga anataka nini.

Hapa chuoni kuna kompyuta nyingi, kila idara na yake. Si zile kubwa za kujaza nyumba. Hizi zinatosha katika kona ya chumba, kama kabati tatu zilizosimama pamoja. Ndani yake kuna mpango mpya wa kuziendesha, jina lake Unix, na watu wengi wanaweza kuutumia kwa wakati mmoja, kila mtu na mashine yake ya kutaipia. Kila idara imechagua mtu mmoja wa kuitunza kompyuta yao. Mtu huyo mara nyingi ni mwalimu aliyesukumiwa kazi hiyo, na akikwama anapiga simu kwetu. Anayeinua simu ni mimi. Nilisomea kazi hii, Baba, na ninaijua.

Maswali yenyewe karibu ni yale yale. Mmoja anasema kompyuta imekataa kuandika. Namwambia diski imejaa, awaombe watu wafute faili za zamani. Mwingine amesahau neno lake la siri, na anaongea kwa ukali kana kwamba mimi ndiye niliyelisahau. Mwingine anasema mashine yake ya kutaipia imekufa, na mimi namwuliza kwa adabu kama imechomekwa ukutani. Halafu nasikia mtu anainama, anahema, na "asante" inatoka kwa shida. Wengine wameacha nafasi moja mahali pasipotakiwa katika amri ya kufuta, wakafuta kila kitu walichokuwa nacho, na wananiuliza kitarudi lini. Hao ndio wananihuzunisha. Nawauliza, "Kanda ya akiba iko wapi?" Maana tunawaambia kila juma wanakili kazi yao kwenye kanda.

Sasa sikiliza. Nilipoanza kazi niligundua kwamba jibu zuri halitoshi. Mtu anasikia nusu, nusu nyingine anaijaza mwenyewe. Ndipo nilipokukumbuka wewe ukiwa umesimama mbele ya ile simu ya ukutani pale stesheni. Nilikuwa nakuletea chakula, na sikuruhusiwa kusema neno mpaka umalize. Mtu wa Tororo anakupa habari ya treni, wewe unairudia neno kwa neno, naye anasema ni sawa, ndipo unaandika. Ukimpa yeye habari, na yeye airudie. Reli ni moja, treni ni mbili. Nakumbuka siku yule mkaguzi alipokupigia kwa haraka zake, ukamwambia arudie, akafoka mpaka mimi nikamsikia nikiwa mlangoni: "Wewe unajua unaongea na nani?" Nawe ukamjibu polepole, "Mimi najua wewe, bwana mkubwa. Lakini treni haijui wewe. Sema tena." Akasema tena.

Basi nami nikaanza kufanya hivyo hivyo. Nikimaliza kumweleza mtu, nasema, "Tafadhali nirudishie nilivyosema." Wengi walishangaa, halafu wakazoea. Na simu za watu walioharibu vitu zilipungua. Hata Bridget aliliona hilo. Bridget ni mama wa Kiayalandi ninayekaa naye meza moja, kazi yake ni kuweka kanda na kutoa karatasi. Ana watoto, hana mume, na ananiletea keki.

Kumbe kuna mtu ambaye jambo hilo lilimkaa kooni. Profesa mmoja wa hesabu alikwenda kwa mkuu wetu akasema nimemfanya kama mtoto wa darasa la pili anayekaririshwa. Mkuu akaja mpaka mezani kwetu, mbele ya Bridget, akaniambia kazi yangu ni kujibu, si kuwatahini wasomi, na kwamba tangu siku ile nisimwombe mtu yeyote arudie chochote. Nilijaribu kumweleza sababu. Akasema, "Hii si reli." Nilikuwa nimemtajia reli, unaona. Nikatii.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Kompyuta hizi zina tabia moja ambayo kila anayezitunza lazima aijue. Ukiandika kitu, haikiweki kwenye diski papo hapo. Inakishika kwanza kichwani, halafu inakiandika ikipata nafasi. Kwa hiyo ukitaka kuizima, lazima kwanza uipe amri moja fupi ya kuiambia iandike kila ilichoshika, ungoje taa ya diski itulie, ndipo uisimamishe, ndipo ukate umeme. Ukiizima kwa ghafla, kilicho kichwani kinapotea, na kilicho kwenye diski kinaweza kuvurugika kabisa, hujui faili ya nani inaanzia wapi.

Daktari mmoja wa idara ya mimea akapiga simu. Kompyuta yao ilikuwa inakwenda kwa kujivuta, alitaka kuizima na kuiwasha upya. Nikamwambia, "Waambie watu watoke kwanza. Kisha toa amri ya kuandika, ungoje taa." Nilikuwa bado naongea aliposema, "Ndiyo, ndiyo, naelewa, nizime niwashe," na simu ikakatwa. Nikampigia hapo hapo. Ikalia, ikalia, hakuna aliyeinua. Alikuwa ameshakwenda kwenye swichi.

Kazi ya wanafunzi wake iliharibika, vipimo vya mbegu walizokuwa wakizipima mwaka mzima. Nikamwuliza habari ya kanda ya akiba. Hakuwa na kanda. Niliwaonea huruma wale wanafunzi, na bado nawaonea huruma. Msichana mmoja alikaa kwenye ngazi za idara akilia hadharani, jambo ambalo watu wa huku hawalifanyi.

Daktari akamwambia mkuu kwamba mimi sikumwambia lolote juu ya kungoja. Na mkuu, badala ya kuniita aniulize, aliniita akiwa na barua tayari imetaipiwa, jina langu chini, pakingoja sahihi tu. Barua ilisema kwamba mimi niliacha sehemu ya maelezo. Ilisema kwamba Kiingereza changu kwenye simu hakieleweki vizuri. Kiingereza changu, Baba! Mimi niliyefundishwa na masista pale Butula, nikichapwa vidole kwa kila neno lililolegea! Watu wamekuwa wakinielewa tangu nianze kazi, wakazima na kuwasha na kuokoa faili zao kwa Kiingereza hicho hicho, halafu siku moja mtu mmoja anakata simu kabla sijamaliza, ndipo Kiingereza changu kinaharibika? Na mwishoni ilisema kwamba ofisi haikunizuia kamwe kuhakikisha kama nimeeleweka.

Mkuu akanieleza kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma zaidi, kwamba kibali changu cha kufanya kazi kinaisha mwisho wa mwaka, na ni yeye anayeniombea kingine. Niitie sahihi barua, mambo yatulie. Nikaomba siku ya kufikiri. Bridget akanivuta chooni akaniambia, "Tia tu, mwanangu, ni karatasi." Nikamwambia, "Wewe ulikuwepo aliponikataza. Utasema?" Akaangalia viatu vyake. Simlaumu sana, ana watoto. Lakini keki zake sizili tena.

Kesho yake nikaingia kwa mkuu nikaacha mlango wazi. Nikaishika barua, nikasema, "Bwana, kabla sijatia sahihi nataka nikurudishie maneno yako nione kama nimeyashika vizuri. Umesema niandike kwamba niliacha sehemu ya maelezo. Ni hivyo?"

Akasema, "Ni utaratibu tu wa ofisi."

"Sikuulizi utaratibu, bwana. Ni hivyo, au si hivyo?"

Watu wa nje wakaacha kutaipia. Akasema, "Chukulia ni hivyo."

"Nyumbani kwetu hatutoi treni kwa 'chukulia'. Na umesema niandike kwamba ofisi hii haikunizuia kamwe kuwaomba watu warudie nilivyosema. Ni hivyo?"

Baba, alikuwa mwekundu mpaka kwenye masikio. Hakusema ndiyo. Nilingoja, kama ulivyokuwa ukingoja wewe na simu sikioni. Hakusema hapana pia. Mwishowe akasema, "Funga mlango." Nikaweka barua mezani pake bila sahihi, nikaufunga, mimi nikiwa nje.

Nilidhani kisa kimekwisha hapo, kumbe lililoniuma zaidi lilikuwa linakuja. Juzi simu ililia, na sauti ilikuwa ya yule daktari wa mimea. Kompyuta yake imekwama tena. Ningeweza kumwachia. Lakini wale wanafunzi hawana kosa, kwa hiyo nikamweleza yote tangu mwanzo, kwa Kiingereza changu hicho kisichoeleweka. Nikamaliza, nikanyamaza. Sikumwomba arudie, nimekatazwa. Naye hakukata simu. Akakohoa, kisha akaanza mwenyewe: "Watu watoke kwanza. Halafu amri ya kuandika. Halafu ningoje taa itulie. Ndipo nisimamishe. Ndipo nizime." Neno kwa neno, hakuacha hata moja.

Kwa kitambo kidogo nilifurahi, sikufichi. Halafu damu ikanichemka. Kwa hiyo anajua! Anajua kabisa kwamba siku ile alinikata njiani! Nikamwambia, "Daktari, ninaomba umwambie mkuu wangu hivyo hivyo ulivyoniambia mimi." Akasema hayo ni mambo ya ofisi yangu, yeye hawezi kuyaingilia, na kwamba ananishukuru kwa msaada wangu. Ananishukuru! Akaweka simu chini taratibu kabisa, kama mtu aliyemaliza ibada.

Nimeulizia kibali. Mkuu hajaniombea kingine, na karani wake ameniambia kwa kunong'ona kwamba hataniombea. Kwa hiyo ninarudi nyumbani, Baba, kabla ya Krismasi. Nimeshaanza kuwagawia watu sufuria zangu. Najua ulitaka nikae mpaka nimalize masomo ya jioni ninayosoma hapa chuoni, na najua ulishawaambia wenzako wa reli. Hilo ndilo linalonilemea kuliko kibali chenyewe, kukurudishia matumaini yako yakiwa nusu.

Nisalimie Mama sana, umwambie asianze kulia, anione kwanza. Msalimie kaka yangu Ouma, fundi wa baiskeli, na mkewe, na yule mtoto wao ambaye sijamwona. Msalimie senge wa Bumala pamoja na maneno yake yote. Wasalimie wazee wa kanisa la Mundika, na mama mkwe wa Ouma, kwa mbali na kwa heshima, kama inavyopasa.

Nina ombi moja tu. Watakuja watu kunionea huruma, watasema pole, mambo ya Ulaya ni magumu, Mungu atafungua njia nyingine. Waache waseme. Lakini wewe usiniambie pole. Siku nitakayoshuka hapo stesheni, Baba, naomba nikukute umekasirika.

Ni mimi binti yako, niliye na akili zangu timamu,

Taaka