Chura Hataki Maji ya Ziwa

Landhi ya Reli, Nakuru
Julai 1954

Kwa Wamaitha mwenye pengo,

Nimemponya chura wako peke yangu. Hata daktari wa ng'ombe wa wazungu hangeweza.

Haya, nimedanganya. Nilikaribia kumuua. Ule mguu wake askari alioukanyaga siku ninyi Wakikuyu mlipopakiwa kwenye lori kurudishwa Kiambu, nilikuwa nauosha na maji ya ziwa. Truphosa wa mlango wa pili akaniona.

“Mzee Khaemba, hayo si ni magadi? Unamtibu ama unamlainisha kama maharagwe?”

Sasa anakaa kivulini, kwenye karai la mama yako. Nimemwekea udongo wenye unyevu, majani, na maji ya mvua ya kujilaza. Namletea mchwa. Jana aliruka akatua kwenye ugali wangu. Ameshiba kama padre.

Nyumba yenu hapa landhi wamepewa watu wengine. Walitaka na karai, nikakataa.

Uliahidi kunitungia uzi kwenye sindano, na kifungo cha koti langu bado kinaning'inia. Truphosa anaweza kutunga, lakini sijamwomba. Hiyo kazi ni yako. Njoo uifanye.

Ni mimi, mzee wako mwongo,
Khaemba