Kwa Harsoyo, Meneja wa Bidhaa Mwenye Alhamisi Zake

Ulituacha Februari ya mwaka 2023, mvua za mji wetu wa Semarang, Indonesia, zikiwa hazikatiki. Na leo, Harsoyo wetu, mwaka umetimia.

Ulipoanza kuwa meneja wa bidhaa katika kiwanda cha sosi ya soya, cheo hicho kilimaanisha viatu vilivyolika soli. Ulikaa kwenye vibanda vya chakula ukimtazama mpishi anavyoinamisha chupa, ukarudi nyumbani shati likinuka vitunguu. Baadaye walikupa matangazo ya televisheni uyasimamie. Hatimaye walikuja vijana na kompyuta, wakakueleza kwamba mnunuzi huonekana humo, na kwamba meneja wa siku hizi hana haja ya kutoka ofisini.

Hata hivyo, kila Alhamisi shati lako liliendelea kunuka vitunguu. Mkeo alipokuuliza, ulijibu, "Kazi tu, Bu," yaani mama, nawe hukuwa mtu wa majibu mafupi. Naye akaanza kuzihesabu Alhamisi.

Siku ya mazishi, Mbok Tumirah, mama muuza tofu wa mtaa wa Peterongan, alileta bakuli la chakula, akalia kuliko ndugu. Mkeo alilifungia bakuli lile kabatini. Chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, naye hakutaka kukijaza.

Juma lililopita alikwenda kibandani kwa mama huyo kumuuliza waziwazi ulikuwa nani kwake.

"Kumbe hukuambiwa, Bu?" alisema Mbok Tumirah. "Alikuwa analeta sosi mpya kabla haijatoka. Kazini wangejua, wangemfukuza, ndiyo maana akanifunga mdomo. Mimi naonja, yeye ananitazama pua. Nikiikunja tu, huyoo, anakwenda kugombana na wale watoto wa kompyuta. Miaka tisa, na tofu yangu hajaisifu hata mara moja, mume wako huyo."

Mkeo hakusadiki upesi. Alitaka kuziona chupa. Zilikuwa zimebaki kumi na nne chini ya meza, hazina nembo, kila moja ina tarehe kwa mwandiko wako. Zote zilikuwa za Alhamisi.

Unakumbukwa na mkeo Sulastri, wanao Wiratmo na Endah, wakweo, na wajukuu wako watano. Hutatoka mioyoni mwetu kamwe.

Asubuhi ya leo, kabla ya wageni wa kisomo kuwasili, mkeo ameliosha bakuli, amelijaza wali wa manjano na kuku, amelibeba mwenyewe hadi Peterongan, na amemwomba Mbok Tumirah radhi.