Nilivyomwandika Minza

Jumatatu, 3 Juni 2024
Doria sipati. Leo paredini mkuu wa kituo katangaza: askari wapya wote tuanze na mahabusu miezi sita, ndipo tutoke barabarani. Ni majaribio ya kituo chetu. Mwisho wa mwezi kila mmoja atatoa maoni, utaratibu uendelee au ufutwe. Miezi sita! Na mimi tangu mafunzo ya depo Moshi nilishajiona juu ya pikipiki.
Anton tulimaliza naye depo. Mimi nilichelewa kuripoti kwa sababu ya msiba wa baba kule Lusu, yeye akawahi, kwa hiyo amri haikumkuta. Yuko doria mtaa wa Kanyenye tangu Mei. Kanicheka. Nikacheka na mimi, basi tu.

Jumatano, 5 Juni
Harufu. Nimeoga mara mbili bado ipo.
Sajenti Mathias ndiye ananifundisha. Mtu akiletwa, mkanda na kamba za viatu zinabaki kaunta. Mtazame kichwa mpaka miguu. Andika kwenye daftari hali aliyokuja nayo kabla mlango haujafungwa. Anasema usipoandika jeraha alilokuja nalo, kesho litahesabika umemtia wewe. Mtu mzima, miaka ishirini na mbili kazini, ana subira kama mwalimu wa darasa la kwanza. Nimempenda.

Jumanne, 11 Juni
Sijui nimeanza lini, lakini sichukii tena. Nawajua kwa sauti. Yule wa kesi ya kuiba mbuzi anakoroma, yule kijana wa Urambo anasali kwa kunong'ona. Ukikaa nao siku tatu huwezi tena kusema "wahalifu" kwa mkupuo mmoja.
Mchana chai kibandani kwa mama Veneranda, tukabishana na Anton. Yeye anasema mahabusu yanamharibu askari mpya: anazoea kuona watu wamejikunyata, anatoka huko na roho ngumu. Nikamwambia anayekamata watu bila kujua anakowapeleka ndiye wa kuogopwa. Maneno mazito, na andazi mdomoni! Maoni yangu nimeshayapata. Nitasimama mbele yao niyaseme.

Alhamisi, 13 Juni
Naandika mbio, mwandiko mbaya.
Saa nane mchana Anton kaleta mwanamke. Minza, miaka thelathini, muuza asali, katoka kijiji cha upande wa kwetu Nzega. Waligombania kivuli na muuzaji mwenzake sokoni. Anton akaamuru aondoke, hakuondoka, aking'ang'ania ndoo yake. Juu ya sikio la kushoto ana uvimbe kama yai. Khanga imelowa asali na kitu kingine ambacho si asali.
Nikauliza kafanyaje. Anton hakunitazama. Akasema alianguka.
Minza akaniambia kwa Kinyamwezi, taratibu, kama anayeomba radhi: kanipiga na rungu.
Nikaanza kuandika. "Ana uvimbe." Sajenti akasoma begani kwangu, akachana ile karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni. Akasema kijana ana miezi miwili kazini, tukiandika hivyo tumemmaliza. Uvimbe utashuka kesho. "Andika hana jeraha lolote, Apolinaria. Hiyo ni amri."
Niliandika. Jina langu, namba yangu, saini. Hana jeraha lolote.

Ijumaa, 14 Juni
Minza katapika mara tatu. Kichwa kinamuuma, mwanga hautaki. Nimempa uji, akanywa vijiko viwili.
Nilimwomba Sajenti fomu ya PF3, kibali cha polisi cha majeruhi kutibiwa, apelekwe hospitali. Akaniuliza PF3 ya nini, wakati nimeandika hana jeraha? Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyechoka. Mkuu wa kituo kasafiri mpaka baada ya Idi.
Nimempigia Anton. Hapokei.
Minza aliniuliza kwetu wapi. Nikasema Lusu. Akatabasamu, akasema basi wewe ni mdogo wangu.

Jumamosi, 15 Juni
Saa tatu asubuhi nimemwita, hajibu. Nimemtikisa. Jicho moja jeusi lote, mboni kubwa, haliogopi tochi.
Sajenti alikuwa ametoka. Simu yake nimepiga, haipatikani. Nikafungua mlango wake, kisha wa wanaume. Sikuomba ruhusa ya mtu. Yule wa mbuzi na mwenzake walinisaidia kumbeba mpaka bajaji, kisha — Mungu ni shahidi — wakarudi wenyewe ndani wakasubiri nifunge. Hospitalini nesi akadai PF3. Nikasema sina, mimi ni askari, mpokeeni, anakufa. Nilipiga kelele. Wakampokea.
Damu imevilia kwenye ubongo. Daktari akauliza kaumia lini. Nikasema juzi. Akaweka kalamu chini. "Siku mbili, mlikuwa mnangoja nini?"

Jumapili, 16 Juni
Wamempasua. Hajaamka. Misa nimekwenda, komunyo sikupokea. Nilibaki kwenye benchi watu wakinipita magotini.

Jumatatu, 17 Juni
Idi. Barabarani watoto wamevaa vizuri. Anton kaja chumbani kwangu, hajanyoa, macho mekundu. Hajalala tangu Jumamosi, anasema. Alidhani angemtisha tu. Watu walikuwa wanamtazama, wanamzomea, hakujua afanye nini, mkono ukatangulia. Alilia. Nilitaka kumshika bega, sikuweza.
Anaomba kitu kimoja. Lile andiko la Alhamisi lisimame kama lilivyo.
Nikamwambia angekaa mahabusu walau mwezi mmoja, angejua kichwa cha mtu ni kitu gani.
Akajipangusa uso. "Wewe ulikuwemo humo siku kumi. Ilikusaidia nini?"
Kaondoka. Nimekaa na swali hilo mpaka chai imepoa. Maoni yangu yale ya mwisho wa mwezi, yale niliyojigamba nayo — niseme nini sasa? Mahabusu yalinifundisha kumwona Minza. Nilimwona vizuri kuliko wote. Na ni huko huko, kwa mwalimu yule yule, nilikofundishwa kutoandika nilichokiona. Wapeleke wapya mahabusu, wapeleke doria, kama anayewapokea ni huyo, watatoka na nini?
Nampenda bado Sajenti. Hilo ndilo linanitisha.

Jumanne, 18 Juni
Naandika nikiwa stoo ya mablanketi. Nimepewa dakika kumi.
Kaja mkaguzi kutoka mkoani, Afande Raymundi. Hafoki. Kaweka daftari la mahabusu mezani. Sajenti Mathias kahojiwa kwanza: hakumwona mtuhumiwa, anasema, aliyempokea ni WP Apolinaria, saini ni yake. Kanipita mlangoni. Anton kasema alianguka.
Nikaitwa. Nikakuta mama yake Minza amekaa kwenye kiti changu. Kafika alfajiri kutoka kijijini, miguu ina vumbi mpaka magotini. Kiswahili chake ni cha kusalimia tu. Nikampa shikamoo, akaniitikia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Hospitalini wamemwambia ni askari wa kike aliyemleta mwanawe. Ananishukuru. Hauachii mkono.
Afande Raymundi akaniuliza kama nasikia lugha yake. Nikasema ndiyo, ni ya kwetu.
"Vizuri. Anataka kujua mwanawe alifika hapa akiwa na hali gani. Msomee ulichoandika, umfasirie."
Akanigeuzia daftari.
Niliyaona yale maneno. Kwa Kiswahili ni matatu, yamenyooka, kama yamechapwa. Nikayatafuta kwa Kinyamwezi. Nilifungua mdomo nikamwita mama kwa lugha yetu, mayu... Mama akainua uso, akasogea karibu asikie vizuri. Nikaomba maji, Afande akatazama saa, akasema dakika kumi.
Nikisema kweli, nimeghushi daftari la serikali, kazi imekwisha, huenda na mimi naingia humo humo ninakofunga wengine. Anton anakwenda jela. Sajenti atakana, ile karatasi aliichana. Nikisoma kilichoandikwa, mama huyu atarudi kwao akijua mwanawe alifika mzima, akapatwa na jambo mikononi mwangu, mimi aliyenishukuru.
Hospitali hawajapiga simu kusema kama Minza ameamka.
Namsikia mama kupitia ukuta. Anamuuliza Afande kitu kwa Kinyamwezi, anarudia, anarudia tena, na hakuna mtu mle ndani anayemwelewa. Anauliza yule binti amekwenda wapi.
Wanagonga. Nimesimama, narudi kwa mama.